Nyuma ya Mke Wangu hadi Masagati

Wenzangu wa baiskeli za Jumamosi,

Tangu turudi mnaniuliza swali moja kwa namna kumi: ilikuwaje Baba Doreen akatoka Ifakara mbele ya mkewe, akarudi nyuma yake, tena amenyamaza? Nimejibu vipande vipande, huyu hiki, yule kile, mpaka hadithi imeanza kunirudia mtaani ikiwa na mambo ambayo hayakutokea. Bora niiandike yote mwenyewe.

Maandalizi nayaruka, kwa sababu ni ninyi mlioyapanga kisha mkajitoa mmoja mmoja. Nilibaki na begi lililofungwa na safari isiyo na wasafiri. Skola, mke wangu, alikuwa uani anapeta mchele. Bila kuinua macho akasema, "Basi nitakwenda mimi."

Nilicheka. Mnamjua Skola wa kliniki ya watoto, mama wa mwendo wa pole. Tangu binti yetu Doreen azaliwe sikuwahi kumwona juu ya baiskeli. Nilijua kwamba kabla hatujaoana alikuwa nesi kule Mlimba, lakini niliyahesabu hayo kuwa mambo ya usichana. Akachukua ile baiskeli ya gia ambayo Doreen aliiacha alipokwenda chuoni, akapandisha kiti, akakaza breki. Nikasema moyoni, tukifika Idete atageuza.

Ifakara hadi Mofu

Tulitoka kabla jua halijakaza. Mwezi wa nane mnaujua: mpunga umeshavunwa, mabua yanachomwa, na moshi unalala bondeni. Nilitangulia kwa fujo, gia nzito, nikitaka achoke mapema ili aibu iwe ndogo. Idete nikasimama kumsubiri, na sikumsubiri. Alikuwa palepale nyuma yangu, anakunywa maji, jasho kidogo tu juu ya mdomo.

"Mbona umesimama?" akauliza.

Tukaacha barabara kuu kushika njia ya Mofu, na huko tukapotea. Kijana mmoja wa Kisukuma aliyekuwa anachunga ng'ombe alituelekeza kwa kidevu. "Hapo tu, baba." Hapo tu ilikuwa mwendo wa saa mbili kwenye udongo mweusi uliokauka ukiwa na nyayo za ng'ombe, kila unyayo shimo lake. Makalio yangu yalifika Mofu kabla yangu.

Kijijini watu walikimbia. Nilidhani wanatukimbilia kutupokea, kumbe wanaficha nyavu. Helmeti zetu na kile kidaftari changu cha kuandikia njia viliwafanya waamini kuwa mimi ni bwana samaki nimekuja kukagua matundu ya nyavu. Mvuvi mmoja akanijia mikono nyuma, akaanza kujitetea kabla sijamsalimia. "Mzee, ule wavu mdogo si wangu, ni wa shemeji, naye amesafiri." Nikamwambia mimi nauza pembejeo Ifakara, niko matembezini. Hakuamini. Nani anatembea kwa baiskeli kutoka Ifakara bila kutumwa?

Skola alikuwa ameshashuka. Alimwendea mama mmoja aliyebeba mtoto anayekohoa, akaweka sikio mgongoni kwa mtoto, akauliza, "Huyu amemaliza chanjo?" Basi. Mkeka ukatandikwa, tukaletewa wali wa moto na perege wa kukaanga, na wanawake wakapanga foleni na watoto wao. Yule mvuvi akanisogezea pilipili. "Kumbe wewe ni dereva wa nesi," akasema kwa nafuu kubwa. "Ungesema tangu mwanzo."

Nilikula. Perege alikuwa mtamu, lakini kuna mwiba mmoja uliingia mahali pengine kabisa.

Mofu hadi Chita

Siku ya pili tulirudi barabara kuu, na hapo ndipo nchi inapoanza kuwa nzuri hasa. Kulia kwako Milima ya Udzungwa imesimama na ukungu wake, kushoto bonde limenyooka mpaka macho yanachoka, na barabara ya moramu inapita miguuni mwa milima, inapanda, inashuka, inapanda tena. Kila mteremko una kijito chake cha maji baridi, kila mpando una watoto wa kukusukuma kwa makelele. Ningewaambia mengi kuhusu hizo njia, lakini nitakuwa mwongo, maana tangu Chita ilipokaribia sikuona njia tena.

Kando ya barabara palikuwa na bibi anachoma mihogo. Tulisimama, nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Alikuwa anamtazama Skola, na koleo limebaki hewani.

"Nesi Baiskeli!" akapiga kelele. "Jamani, ni Nesi Baiskeli!"

Walikumbatiana. Skola akaruka kidogo, kama msichana. Bibi akaniambia kuwa huyu ndiye aliyekuwa akija na kile kisanduku cha barafu cha chanjo nyuma ya baiskeli, mvua au jua, peke yake, na walikuwa wakimsikia kwa kengele kabla hajatokea. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanikagua kutoka helmeti hadi viatu, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Na wewe Oswadi, mwanangu, umezeeka! Lakini si haba, hatimaye ulimpata."

Skola akasema, "Huyu siye Oswadi, mama. Huyu ni mume wangu."

"Aa," akasema bibi, akaachia mikono yangu. Akanipa muhogo mkubwa kuliko wote. Ulikuwa wa pole.

Nilisubiri Skola aniambie. Hakuniambia. Alipanda baiskeli, akapiga kengele mara mbili kumuaga bibi, akaenda. Kilomita zote zilizobaki niliangalia mgongo wake, nikijiuliza mgongo huo una siri gani. Huyo Oswadi ni nani? Alimtafuta kwa muda gani? Miaka ishirini na miwili nimekula chakula cha mwanamke huyu, sijawahi kusikia hata herufi ya kwanza ya jina hilo.

Chita hadi Mlimba

Asubuhi ya siku ya tatu nikapata pancha. Nilitoa vifaa vyangu vyote, mnavyovijua, vile nilivyoagiza. Nikahangaika na tairi mpaka kidole kikachubuka. Skola akaniambia, "Hebu." Akaondoa tairi kwa mipini ya vijiko viwili, akaupitisha mpira karibu na shavu lake, akausikia upepo, akakwangua, akapaka gundi, akaipulizia, akabandika. Sikumaliza hata kufuta damu.

"Nani alikufundisha?"

"Oswadi."

"Oswadi ni nani?"

"Fundi baiskeli wa Masagati. Alikuwa anatengeneza baiskeli za zahanati."

"Ndiyo hivyo tu?"

Akanyoosha mkono. "Baba Doreen, pampu."

Nikampa pampu. Mlimba tulifika saa nane mchana, na huko Oswadi alikuwa kila mahali. Mwenye nyumba ya wageni, mama mnene mcheshi, alimtambua Skola mlangoni, na kabla chai haijapoa akauliza kama anakwenda kumwona Oswadi. Mpima uzito wa mpunga akauliza. Mzee mmoja aliyekuja kuomba kiberiti, sina hakika hata kama alikuwa anamfahamu Skola, naye akauliza. Kwa kila swali Skola alitabasamu, na nililiangalia tabasamu hilo kama mtu anayeangalia mgeni akivaa shati lake. Mimi hajanitabasamia hivyo tangu Doreen apasi darasa la saba.

Nilijichorea mtu huyo. Mrefu, mwembamba, kifua wazi, mikono yenye mafuta ya cheni. Sauti nzito. Mjane, bila shaka.

Sasa nawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Jioni hiyo nilitoka eti kununua maji, nikazunguka stesheni, nikarudi, nikamwambia Skola, "Wanasema daraja la njia ya Masagati limekatika. Hakupitiki. Tutageuza na treni ya kesho."

Aliacha kukunja nguo. "Nani kasema?"

"Watu wa stesheni."

Hakubisha. Alikwenda dirishani, akamwita kijana wa bodaboda aliyekuwa anaosha pikipiki yake barabarani. "Mwanangu, Masagati panapitika?"

"Shikamoo mama. Panapitika, nimetoka huko sasa hivi. Ona vumbi."

Skola alifunga dirisha polepole, akarudi kukunja nguo. Hakunitazama, na ningetoa nusu ya duka langu anitukane.

Mlimba hadi Masagati

Kule njia haina huruma. Inapanda kwenye vilima kama mtu aliyesahau kitu juu, inashuka, inakumbuka tena, inapanda. Changarawe inateleza chini ya tairi, na mahali pengine maji ya masika yamechimba mtaro katikati, unachagua ukingo mmoja na kuomba Mungu. Siku yoyote nyingine ningeimba. Vilima ni vya kijani mpaka juu, migomba imejificha mabondeni, na hewa ina baridi ambayo sisi wa Ifakara tunaisikia redioni tu.

Skola alinitangulia tangu mpando wa kwanza. Sikumwona tena. Niliona alama za tairi lake, nyembamba, zilizonyooka, hazikuyumba popote, na nikazifuata kama mbwa. Nilishuka nikasukuma mara saba. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni alinipita akaniambia, "Pole baba. Mwenzako kashapita zamani, alikuwa anaimba."

Anaimba! Nilisukuma kwa nguvu zaidi.

Nilipoingia Masagati ilikuwa karibu saa saba mchana. Pembeni ya mashine ya kusaga palikuwa na kibanda cha fundi, na ndani ya kibanda nikasikia kicheko cha mke wangu. Kicheko cha tumboni, kile ambacho akikianza hawezi kukizuia.

Masagati

Oswadi ni mfupi. Ana kipara na tumbo, na miwani imefungwa kwa uzi. Aliponiona alisimama haraka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Karibu sana, shemeji. Pole na milima." Sikuwa na kitu cha kumchukia, na hilo liliniumiza zaidi, maana kama angekuwa yule mrefu ningesema sawa, nimeshindwa na urefu.

Alitupeleka nyumbani kwake. Mke wake yupo, mzima, anaitwa Mama Beata. Alitukaribisha vizuri kwa mdomo, lakini vikombe vya togwa aliviweka chini kwa kishindo. Oswadi na Skola wakaendelea na mazungumzo yao ya watu niliokuwa siwajui, mafuriko nisiyoyaona, nguruwe aliyewahi kumfukuza nesi mpaka mtoni. Nikatoka uani. Mama Beata akanifuata na ungo wa karanga, akauweka kati yetu, tukaanza kubambua.

"Wanacheka nini?" akaniuliza.

"Nguruwe."

"Tena nguruwe." Akabambua kwa hasira. "Mimi nimezaa watoto sita katika nyumba hii, baba. Lakini mtu akileta baiskeli mbovu, mwenye nyumba wangu lazima aanze, hii si kitu, ile niliyomtengenezea Nesi ndiyo ilikuwa baiskeli. Aliiunda kutoka kwenye tatu zilizokufa. Akaipaka rangi nyekundu. Mimi hajanitengenezea hata kigoda."

Tulibambua. Nilimpenda sana mama yule.

Chakula kikaja, ugali na jogoo wa kienyeji, na tukakaa wanne. Hapo ndipo Oswadi, anamega tonge, akauliza bila nia mbaya kabisa, "Skola, ile nyekundu bado ipo?"

Skola akashusha mkono. "Iliibwa. Mwaka uleule wa kwanza wa ndoa. Nililia kama nimefiwa."

Niwaeleze. Mwaka ule tulikuwa tumepanga chumba Ifakara. Kila asubuhi Skola alitoka na baiskeli ile nyekundu kwenda zahanati, na barabara nzima ilimwita, naye akajibu kwa kengele. Mimi nilikuwa karani, nakwenda kwa miguu, kwa hiyo kila asubuhi niliona jinsi mke wangu anavyoondoka akiwa na furaha ambayo sikumpa mimi. Jumapili moja yeye akiwa kanisani, alikuja kuniaga mjomba wangu aliyekuwa ameacha kazi ya miwa Kidatu anarudi Singida. Nikampa baiskeli. Skola aliporudi nikamwambia imeibwa. Ukiniondoa mimi, siku hiyo uani alikuwa amebaki mtu mmoja tu, Athumani, fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha pili, kwa kuwa yeye haendi kanisani. Skola akafikiri, akajumlisha. Nikamwacha ajumlishe.

Haya yote yalinijia nikiwa na nyama mdomoni. Ningeweza kumeza na kunyamaza, kama nilivyomeza miaka yote. Sijui kwa nini sikuweza. Labda ni lile daraja la Mlimba, labda ni zile alama za tairi zilizonyooka.

"Haikuibwa," nikasema. "Niliitoa mimi. Nilimpa mjomba."

Hakuna aliyetafuna. Mama Beata alinitazama mdomo wazi, nikajua nimempoteza rafiki pekee niliyekuwa naye pale.

Skola alinawa mikono, polepole, kila kidole. Nilisubiri aulize habari ya baiskeli. Alisema jambo jingine.

"Athumani," akasema. "Miaka yote hiyo sijamsalimia Athumani."

Stesheni ya Mlimba

Njia ya kurudi hadi Mlimba nilikuwa nyuma, na nilijua ndiyo mahali pangu. Treni ilichelewa. Tulikaa kwenye sakafu ya stesheni tangu asubuhi, baiskeli zimeegemea ukuta, pamoja na magunia ya mchele na kuku waliofungwa miguu. Mama mmoja alitugawia ndizi za kuchoma akidhani tumefiwa. "Poleni sana," akasema. "Ni mzazi?" Skola akajibu, "Asante mama, tutapoa," na akala.

Saa tisa hivi ndipo alipozungumza, macho kwenye reli.

"Oswadi alinichumbia. Nilimpenda, nisikufiche. Lakini yeye hakutaka kuhama Masagati, na mimi nilitaka kusoma zaidi, nikakataa. Ndipo nikaja Ifakara kusoma, ndipo nikakutana na wewe. Ungeniuliza siku yoyote ningekuambia."

"Sikuwa namjua."

"Hukuwa unamjua mtu yeyote wa kumwonea wivu, na bado uliitoa baiskeli." Akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu Masagati. "Hilo ndilo silielewi, Baba Doreen. Ulikuwa unamwonea wivu nani?"

Jibu la kweli lilikuwa yeye mwenyewe, yule aliyekuwa anapiga kengele na kuondoka. Nilimwambia hivyo, kwa maneno mabovu kuliko haya. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Tukifika hatuendi nyumbani kwanza."

Ifakara

Tulishuka asubuhi, tumejaa vumbi la siku sita. Skola alipanda baiskeli akaelekea sokoni, nami nikafuata. Mlionipungia mkono pale Kibaoni, samahani, sikuweza kuitikia.

Athumani ana kibaraza chake upande wa maduka ya vitenge. Ndevu zake zimekuwa nyeupe. Tulipofika alikuwa anapiga pindo la pazia, miguu inakwenda, na Skola akasimama mbele ya cherehani.

"Habari za kazi, Athumani."

Cherehani ikasimama. Alimtazama muda mrefu. "Nzuri," akasema kwa uangalifu, kama mtu aliyeitwa kwa jina na askari.

Skola alinigeukia. Nikaeleza. Nilieleza nimesimama, na wenye maduka ya jirani wakisikia, na sikuruka kitu. Baiskeli, mjomba, Singida, uongo. Nilipomaliza nilitegemea anifukuze, au anishike shati. Athumani hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anamtazama Skola kwa mshangao mkubwa.

"Kumbe ulidhani ni mimi niliyeiba?"

"Nilidhani hivyo. Nisamehe."

"Mimi," akasema Athumani, "mimi nilidhani ni lile gauni."

"Gauni gani?"

"La kitenge cha bluu. Nilikushonea kabla ya Krismasi. Ulipolijaribu nikaona limebana kiunoni, nawe ukasema halina shida, na baada ya wiki mbili ukaacha kunisalimia. Nikasema nimemharibia nesi wa watu gauni la sikukuu. Ndiyo maana nilihama, nilikuwa naona haya kukutana na wewe uani. Tangu hapo kila gauni la mwanamke nalipima kiuno mara tatu."

Skola aliweka mkono mdomoni. "Athumani, hukulibana. Nilikuwa na mimba ya Doreen, na mwenyewe sijui!"

Walitazamana. Kisha kikaanza, kile kicheko cha tumboni, na Athumani naye akainamia pazia lake akicheka huku anafuta macho, na kila mmoja akijaribu kusema neno mwenzake anaanza upya. Akamvutia kigoda. Akaagiza chai, vikombe viwili.

"Wewe tangulia nyumbani," Skola akaniambia, bila kugeuka. "Nitakuja."

Sikutangulia. Nilisimama nje juani, nimeshika baiskeli mbili, nikawasikiliza wakizungumza habari za mwaka ule ambao niliishi nao ua mmoja na sikujua lolote. Na wivu, ndugu zangu, ukanipanda upya kutoka miguuni. Lakini safari hii nilibaki nimesimama, na baiskeli yake sikuiachia.